Akiba Iozayo

Twakaa Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, na kazi yetu ni kufundisha watoto. Kila siku twawaambia wanafunzi, "Msiache kazi nusu." Leo twataka kuwasimulia wasomaji jinsi sisi wenyewe tulivyoshindwa na somo hili, maana aliyejikwaa ndiye ajuaye jiwe lilipo.

Mama yetu mzazi alishikwa na homa na maumivu ya kiuno. Kabatini mlikuwa na vidonge vya kuua vijidudu vilivyosalia vya mtoto wetu, ambaye alipopata nafuu siku ya tatu hatukummalizia. Tukampa mama masalio yale, kisha tukanunua vingine vichache dukani bila cheti cha daktari. Homa ikapungua, tukafurahi. Siku ya sita ikarudi kwa nguvu, naye akawa anasema maneno yasiyoeleweka. Usiku ule tukampeleka hospitali kwa gari ya jirani, akalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Daktari alituuliza kwanza, "Amekunywa dawa gani, na kwa siku ngapi?" Tukatazama chini. Sisi tuliozoea kuuliza maswali tulikosa jibu. Hakutukemea, ila alisema, "Mwalimu, usinifiche, maana nikijua nitachagua vema." Basi tukaungama yote.

Wakatoa damu na mkojo vipimwe, na papo hapo wakaanza kumtia dawa yenye nguvu, kwa kuwa mgonjwa wa namna ile hawezi kungoja. Baada ya siku tatu majibu yakaja: vidonge vyetu havikuweza kukiua kijidudu kile. Ndipo daktari akaiondoa ile dawa kali, akaweka nyingine ya kukilenga kijidudu kile tu. Tukanung'unika, "Mbona mwampunguzia dawa, naye bado mgonjwa?"

Akatufahamisha kwa upole. Katika chumba kile wagonjwa wana mipira ya kupumulia, mipira ya mkojo, na sindano katika mishipa. Na kila mpira ni mlango wa vijidudu. Dawa kali zikitumiwa ovyo, vijidudu dhaifu hufa, vilivyo sugu husalia na kuzaana, kisha huhamia mgonjwa mwingine kwa mikono isiyonawiwa. Kwa hiyo kila siku waganga huulizana: Dawa hii ingali yahitajiwa? Kipimo chake ni sawa? Siku zake zimetimia?

Onyo hili si jipya. Alexander Fleming, aliyevumbua penisilini London mwaka 1928, alisema mwaka 1945, alipopewa tuzo ya Nobel, ya kwamba kipimo kidogo mno huvizoeza vijidudu kuishinda dawa. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, watoto wenye vijidudu katika damu walichunguzwa mwaka 2001 hata 2002, ikaonekana kwamba usugu huo ulikuwa sababu mojawapo ya vifo vyao. Mwaka 2019 watu kadiri ya milioni 1.27 duniani walikufa kwa vijidudu vilivyoshinda dawa. Nalo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2017, liligawa dawa hizi mafungu matatu: za kutumiwa kwanza, za kuangaliwa, na za akiba. Wazee husema akiba haiozi; lakini akiba hii huoza ikiguswa pasipo haja.

Kitanda cha pili alilala kijana mmoja. Dawa zilibadilishwa mara kwa mara, wala hazikumfaa. Asubuhi moja tulikuta kitanda kimetandikwa shuka mpya, na mamake hayupo tena mlangoni. Hatukuuliza.

Mama yetu alirudi Mtoni baada ya siku kumi na moja, akitembea kwa mkongojo. Tangu siku ile hatuweki masalio ya dawa nyumbani. Twamaliza tulivyoagizwa, na kinachozidi twakirudisha kwa mwenye duka la dawa. Tukienda kumtazama mgonjwa twanawa mikono kabla ya kumgusa, wala hatumshurutishi daktari kutupa dawa asiyoiona kuwa ya lazima.

Lakini kijana yule twamkumbuka. Hatujui kijidudu chake kilijifunza wapi ukaidi ule. Pengine kilijifunza katika kabati kama letu.