Kabla ya Kupewa Watu

Neno nyapara lilianza kwa heshima. Katika misafara ya Wanyamwezi ya karne ya 19, nyampara alikuwa mkuu wa wapagazi, mtu aliyewasemea wenzake. Mashamba ya wakoloni na magereza yalipolichukua, likabaki na maana ya mtu anayesimama juu ya vichwa vya wafanyakazi akihesabu na kukaripia. Naamini malalamiko yetu mengi kuhusu mabosi wa kwetu Tanzania, kuanzia gereji hadi wizarani, yanatokana na kwamba bado tunaandaa wanyapara wa aina hii ya pili. Tunamchukua fundi hodari, au karani aliyekaa kazini miaka mingi, tunamkabidhi watu kumi, kisha tunashangaa kwamba hajui la kufanya nao. Semina ya uongozi, kama ipo, huja baadaye, tabia zikiwa zimeshakomaa.

Huku Ujerumani mpangilio ni kinyume. Fundi umeme anayetaka hadhi ya Meister, yaani fundi bingwa, ambayo kwa kawaida ndiyo humfungulia mlango wa kuendesha karakana yake na kuchukua wanagenzi, hufanya mtihani wenye sehemu nne: kazi yenyewe, nadharia ya fani, biashara na sheria, na sehemu ya nne ni kufundisha. Kwa viwanda na maduka kuna kanuni, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1972, inayodai ujuzi huohuo kwa anayesimamia mafunzo ya wanagenzi. Mtahiniwa huandika kwa saa tatu, kisha kwa muda usiozidi dakika 15 huonyesha jinsi atakavyomfundisha kijana kazi moja mahususi, na baada ya hapo huhojiwa. Kwa nini umeanza na hatua hii? Utajuaje kwamba ameelewa? Hapo ndipo ninapoona siri yote. Anayeweza kuipasua kazi yake vipande vipande mpaka mgeni akaishika, amelazimika kujifunza subira, kusikiliza, kumpa kila mtu mzigo anaouweza, na kukosoa bila kumvunja mtu moyo. Sifa hizo sisi huziita kipaji, au malezi ya nyumbani kwao. Kumbe zinafundishika, na zinapimika.

Kuna ushahidi kwamba sharti hilo la viwanda na maduka si urembo. Mwaka 2003, nafasi za uanagenzi zilipopungua, serikali ya Ujerumani ililisimamisha ili kampuni nyingi zaidi zishawishike kupokea vijana. Hoja ilikuwa ileile ambayo ingetolewa Dar es Salaam: makaratasi yanawafukuza waajiri. Kampuni mpya kadhaa ziliingia kweli. Lakini tathmini ilipofanywa ilionekana kwamba mikataba ya wanagenzi ilivunjika zaidi kule ambako hapakuwa na mkufunzi aliyethibitishwa, na mwaka 2009 sharti likarudishwa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, na kwamba kwetu ukali ndio unaomjenga mtu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo inasema kweli, ila inamhusu mzazi anayeogopa kumrekebisha mtoto, wala haimpi msimamizi ruhusa ya kumtukana mfanyakazi kwa kosa ambalo hakuwahi kuelekezwa namna ya kuliepuka. Tena, dai la kuheshimiwa kazini halikuletwa na mtu kutoka nje. Mwongozo wa mwaka 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulikemea viongozi wenye majivuno na dharau, na wafanyakazi wa viwandani waliusoma kwa makini kuliko wakubwa walivyotarajia. Migomo iliyofuata hadi mwaka 1973, kama msomi Issa Shivji alivyoieleza, mara nyingi haikuwa ya mishahara. Watu waliacha mashine kwa sababu ya matusi na uonevu wa mameneja. Serikali iliizima, wengine wakafukuzwa kazi. Ninachojifunza hapo ni kwamba tulitamka wazi kiongozi asiweje, tukaishia hapo, bila kuweka mahali pa kumfunza awe vipi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtihani haumzuii bosi kuwa mbaya. Ni kweli. Kashfa ya moshi wa magari ya Volkswagen ya mwaka 2015 ilitokea katika nchi hiihii yenye mitihani hii yote. Kumpima mtu kama anaweza kufundisha hakumfanyi mwadilifu. Kunaziba pengo moja tu, la mtu kukabidhiwa wenzake akiwa hajawahi kufikiria kazi inavyoonekana machoni mwa anayeianza, na kwetu pengo hilo ni pana mno.

Na si lazima tujenge jengo jipya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa vitendo, akifaulu anapewa cheti bila kuanza masomo upya. Fundi huyo mara nyingi ana vijana watatu au wanne wanaomshikia spana. Siku ya kupimwa aje na mmoja wao, na baada ya kuonyesha anavyofunga breki mwenyewe, apewe dakika 15 amwelekeze kijana aifunge, mtahini akiwasikiliza wote wawili.