Hell's Gate: Mahali goti la mzee lilipochagua baiskeli

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Methali hiyo niliwafundisha wanafunzi wangu kwa zaidi ya miaka 30 bila mimi mwenyewe kuielewa barabara. Niliielewa asubuhi moja mwezi wa Aprili mwaka jana, nikiwa nimelala chali nje ya nyumba yangu mtaani Umoja, jijini Nairobi, baiskeli nyeusi imenilalia kifuani na majirani wananikimbilia kwa pole nyingi.

Baiskeli haikuwa na kosa. Ni ile ile niliyoiendea kazini nilipokuwa kijana, nzito na imara, yenye lile bomba la juu linalotoka chini ya kiti hadi kwenye usukani. Kuipanda sharti uutupe mguu nyuma, uvuke keria na kiti, ndipo ukae. Kwa miaka mingi mguu wangu ulivuka bila kuulizwa. Asubuhi hiyo ulifika nusu ya safari ukakataa. Nikaanguka kama gunia la mahindi, tena mbele ya mjukuu wangu wa miaka 12.

Mfupa haukuvunjika, ila moyo ulivunjika. Niliiegesha baiskeli nyuma ya nyumba, nikaifunika turubai, nikasema basi. Siku zikapita nami nikawa mtu wa kiti, redio na chai. Goti la kulia, ambalo lilikuwa limeanza kulalamika zamani, likazidi kukakamaa. Nilipomwendea daktari, aliniambia kuwa goti kama langu halitaki kulazwa bali linataka kazi nyepesi ya mara kwa mara. Akataja kutembea, kuogelea na kuendesha baiskeli, kwa sababu mwendeshaji huwa ameketi, na uzito mwingi wa mwili haulielemei goti.

"Lakini mzee, si baiskeli yoyote," akaongeza. "Tafuta inayokufaa."

Inayonifaa ni ipi? Nilizunguka madukani mjini nikarudi mikono mitupu. Muuzaji alinionyesha rangi na gia, nami nikatikisa kichwa kama mnunuzi wa ng'ombe asiyejua meno. Hatimaye binti yangu akatoa shauri. "Baba, kwa nini ununue kitu ambacho hujakiendesha? Twende Hell's Gate. Kule baiskeli zinakodishwa. Utajaribu mbili tatu kwa siku moja, naye mtoto atatembea."

Safari ya Naivasha

Jumamosi moja alfajiri tukapanda matatu ya Naivasha, safari ya kilomita 90 hivi. Tulipita barabara ya juu, kupitia Limuru. Baridi ya huko ni kali, na ukungu hutanda hadi jua linapopanda. Kisha ghafla ardhi ikafunguka upande wa kushoto, na Bonde la Ufa likaonekana chini, mlima Longonot umekaa katikati kama sufuria iliyofunikwa vibaya. Mjukuu wangu alibandika pua kwenye kioo asiseme neno.

Mjini Naivasha tulichukua matatu nyingine inayofuata barabara ya kusini mwa ziwa. Tulishuka kwenye njia panda ya kuingilia mbugani. Hapo ndipo vijana wanapopanga baiskeli zao kwa safu ndefu, kubwa kwa ndogo, mpya kwa kuukuu. Bei hupatanwa. Ushauri wangu wa kwanza kwako, mpenzi msomaji, ni huu: kabla hujatoa pesa, zungusha magurudumu, kamata breki zote mbili, na ubonyeze tairi kwa kidole gumba.

Mimi nilichagua kwa macho. Nilinyakua baiskeli nyekundu ya milimani, yenye tairi za meno na usukani wa chini ulionyooka. Kwa kuwa bomba lake la juu liliinama kidogo, nilifaulu kulivuka baada ya kushikiliwa na binti yangu. Kutoka njia panda hadi lango liitwalo Elsa, ambalo lilipewa jina la yule simba jike wa Joy Adamson, ni kilomita mbili tu. Lakini kabla sijaliona lango, viganja vilikuwa vinawaka moto, shingo inauma, na mgongo umepinda kama upinde. Usukani wa chini humlaza mtu mbele, mikono ikabeba uzito wa kifua. Kijana hasikii kitu. Mzee husikia yote.

Nikageuza, nikarudi njia panda. Yule kijana mwenye baiskeli alinitazama kwa huruma.

"Mzee, iko moja ambayo ingekufaa," akasema kwa sauti ya chini. "Ila... ni ya akina mama."

Akaitoa nyuma ya zingine. Haikuwa na bomba la juu. Bomba lake lilishuka chini kabisa karibu na kanyagio, usukani umeinuka na kurudi nyuma kuelekea kwa mwendeshaji, kiti kipana chenye springi. Nilimtazama mjukuu wangu. Nilimkumbuka marehemu baba yangu, ambaye angeona afadhali atembee kwa miguu hadi Nakuru kuliko kuonekana juu ya kitu hicho.

"Babu, hii huwezi kuanguka," mtoto akasema. Hakuwa akinicheka. Alikuwa akiogopa.

Hapo nikatambua kwamba tangu siku ile ya Aprili mtoto huyu alikuwa amebeba hofu ambayo mimi sikuijua. Nikaupitisha mguu katikati ya baiskeli, kama mtu anayevuka kizingiti cha mlango. Mguu haukukataa.

Mwanafunzi wa uzeeni

Hata hivyo, sikuwa nimemaliza kukosea. Nilimwambia kijana akishushe kiti hadi nyayo zangu zote zikanyage chini, ili nijihisi salama. Hatua mia mbili tu, goti likaanza kulia. Kijana alinifuata mbio, akaniomba nishuke.

"Kiti kikiwa chini sana, goti hukunjwa mno kila mzunguko," akanieleza. "Weka kisigino kwenye kanyagio likiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Halafu ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Ndio kipimo."

Akakipandisha kiti mpaka nikawa nagusa chini kwa ncha za viatu nikiwa nimeketi. Alinifundisha pia kutua: kwanza funga breki, kisha telezesha makalio mbele ya kiti, ndipo uweke mguu chini. Mimi niliyesimama mbele ya ubao miaka hiyo yote nikawa mwanafunzi wa kijana aliyeweza kuwa mjukuu wangu. Elimu haina mwisho.

Malipo ya langoni siku hizi si ya pesa taslimu, kwa hiyo hakikisha simu yako ina chaji. Baada ya hapo, mbuga yote iko mbele yako. Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu, ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1984, nayo ina ukubwa wa kilomita mraba 68 hivi. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya wanyama.

Si mbali na lango unakutana na mnara wa jiwe wenye urefu wa mita 25 hivi, uliopewa jina la Gustav Fischer, msafiri Mjerumani aliyefika huku mwaka 1883. Pimbi walikuwa wakiota jua juu ya mawe. Wamasai husimulia kwamba mnara huo ni bibi harusi aliyekatazwa kugeuka nyuma alipokuwa akienda kwa mumewe. Akageuka kutazama kwao mara ya mwisho, akawa jiwe. Mjukuu wangu aliucheka mkasa huo. Mimi sikucheka, kwani nami nilikuwa nimegeuka nyuma muda mrefu mno kutazama ujana wangu.

Kutoka langoni hadi kwenye genge ni kilomita nane hivi. Majabali mekundu yanakulinda kulia na kushoto, na tai wanazunguka juu. Pundamilia walituachia njia shingo upande. Ngiri wakakimbia mikia juu. Twiga watatu walisimama wakatutazama kana kwamba sisi ndio wanyama. Tulipoona nyati tulisimama mbali, tukawaacha wapite, kwa maana nyati hana mchezo. Nilikuwa nimekaa wima, macho mbele, mikono imelegea, nami niliyaona hayo yote. Kwenye ile baiskeli nyekundu ningeona vumbi la tairi la mbele tu.

Njia ni ya vumbi na kokoto. Tairi pana zilizojazwa upepo wa kiasi zilimeza mitikisiko ambayo tairi nyembamba ngumu zingeipeleka moja kwa moja uti wa mgongo. Kwenye vilima nilijifunza kuweka gia nyepesi mapema, kabla ya kuzidiwa, na kuzungusha miguu upesi bila kusukuma kwa nguvu. Goti halichoshwi na mizunguko mingi myepesi kama linavyochoshwa na michache mizito.

Mwishoni mwa njia liko genge la Ol Njorowa, lililochongwa na maji ya zamani. Binti yangu na mwanawe walishuka na kiongozi wa watalii. Mimi nilibaki juu chini ya mgunga, baiskeli kando yangu. Genge hilo lina kuta nyembamba na mawe ya utelezi, na maji hulijaza ghafla mvua inaponyesha mbali. Watu walipoteza maisha humo mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Msishuke bila kiongozi, wala mbingu zikiwa nyeusi. Kubaki hakukunitia haya. Mtu aliyekwisha kukubali baiskeli isiyo na bomba la juu hukubali mengi.

Ukitaka kununua

Majuma matatu baadaye nilinunua yangu, ya mitumba kutoka ng'ambo. Safari hii nilijua la kutafuta, nami nawapa wazee wenzangu, pamoja na ninyi watoto mnaotaka kuwanunulia wazazi zawadi.

Kwanza, jaribu kupanda na kushuka mara kumi hapo hapo dukani. Ikikutisha mara moja, iache. Pili, usukani uwe juu ya kiti au sawa nacho, viwiko vikunjike kidogo. Tatu, kiti kiwe kipana kiasi cha kubeba mifupa miwili ya makalio, lakini kisiwe kipana hata kikasugua mapaja. Ukikaa wima, kiti hubeba uzito mwingi, kwa hiyo usikidharau. Nne, vidole vyako vizifikie breki zote mbili bila kunyooshwa sana. Tano, inyanyue. Usipoweza kuipandisha ngazi mbili, itakusumbua nyumbani. Kama ni ya mitumba, angalia nyufa na kutu penye viungo vya fremu, na uizungushe rimu uone kama inayumba. Usisahau kofia ngumu. Goti likipoa huweza kupona, kichwa ni habari nyingine.

Asiyeweza kufika Naivasha anaweza kujaribu katika msitu wa Karura, hapa hapa Nairobi, ambako pia baiskeli hukodishwa. Mwenye maradhi ya moyo au kizunguzungu na amwone daktari kwanza.

Sasa kila asubuhi, kabla matatu hazijaamka, mimi na mjukuu wangu huzunguka mtaa. Goti halijawa la kijana, wala halitakuwa, lakini napanda ngazi bila kushika ukuta. Juzi jirani mmoja aliniita kutoka mlangoni pake, "Mwalimu! Umeazima baiskeli ya mama watoto?"

Nilimpigia kengele nikapita. Mwaka uliopita ningeshuka nibishane naye, lakini siku hizi kushuka nakushughulikia pale tu ninapofika.

Ile nyeusi nimeitoa chini ya turubai, nikaipaka mafuta mnyororo. Mjukuu wangu amejipima nayo, bado sentimita chache. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.