Kibera Yaingia Ramanini
Ukifuata reli ipitayo Kibera, jijini Nairobi, utaona shule, zahanati, vioski vya maji na vyoo vya kulipia. Hadi mwaka 2009 karibu vyote hivyo havikuwa kwenye ramani. Mwaka huo vijana wa mtaa, wakisaidiwa na Erica Hagen na Mikel Maron kutoka Marekani, walipita vichochoroni wakiwa na vifaa vya GPS, wakavichora katika OpenStreetMap, ramani ya intaneti iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Wageni walileta ufundi. Wenyeji ndio walioijua njia. Mtaa usioonekana ramanini husahaulika upesi mabomba ya maji yanapogawanywa. Je, mtaa wako umo?