Harusi Tunachanga Fasta, Moyo wa Mtoto Tunadai Risiti

Wadau wangu, leo sina habari ya nani kaachana na nani. Leo najianika mwenyewe.

Mwaka 2023 nilijiandikisha kukimbia kilomita 21 CRDB Marathon. Kwa msiojua, mbio hizi zilianza 2020, na toka mwanzo hela yake ilienda kwenye upasuaji wa moyo wa watoto pale JKCI, Muhimbili. Binti wa dada yangu alizaliwa na tundu kwenye moyo. Saa hizi yuko darasa la pili anasumbua watu tu, lakini vile vikao vya ukoo vya kutafuta hela ya matibabu sijavisahau. Nikajisemea, mbali na kiingilio, nichangishe laki tano.

Mazoezi nilianza na raba za mtumba za Tandika. Saa kumi na moja alfajiri natoka Mbagala Rangi Tatu, nashika Kilwa Road mpaka Mtongani, narudi. Makonda wananipigia kelele, "Broo panda, utachelewa kazini!" Wiki ya kwanza nilikimbia kama nimeiba kuku, nikaumia ugoko siku nne. Mzee mmoja jirani, mjeda mstaafu, akaniambia, "Ukiona huwezi kuongea huku unakimbia, umezidisha. Punguza." Hapo ndo nikaanza kufika mbali.

Kumbe kukimbia ndo kulikuwa rahisi.

Tuna grupu la WhatsApp la washkaji wa mtaani, watu kama mia na themanini. Mwezi mmoja nyuma tulimchangia jamaa harusi, single laki, double laki na nusu, na mamilioni yakatimia bila kelele. Nikaweka ombi langu. Tiki mbili za bluu, kimya. Kesho yake mmoja akaandika, "Dogo anatafuta simu mpya huyu." Watu wakacheka. Mwingine akadai risiti, na hata mia hajatoa. Wadau, niliumia. Nilikaa siku mbili sikimbii.

Aliyeniamsha ni mama anayeuza vitumbua pale stendi. Alinipa elfu mbili, sarafu tupu, akasema, "Kimbia na ya kwangu, mwanangu." Kijiwe cha bodaboda wakachanga 18,500. Nikaanza kuposti orodha kila jioni, jina na kiasi, kama kamati ya harusi. Hee! Watu hawataki jina lao likosekane. Hata yule wa simu mpya akatuma elfu kumi, kimya kimya.

Sasa kuna staa mmoja, simtaji, wengi mnamfuatilia. Nilimuomba akiwa laivu, akajibu mbele ya maelfu, "Dogo, laki tano yangu hiyo hapo." Mioyo ikamiminika kwenye skrini.

Siku ya mbio, Oysterbay, nikamuona na namba kifuani, mpigapicha pembeni. Tukaanza wote. Kama kilomita ya tatu hivi akachepuka, gari linamsubiri. Mimi kilomita ya 17 miguu ikakaza, nikatembea, nikamkumbuka mama wa vitumbua, nikakokota mpaka mwisho. Saa mbili na dakika arobaini na moja. Jioni nafungua simu, staa kaposti picha ya pale mwanzo na kapsheni: "21 zimeisha, kwa ajili ya watoto."

Nilipata 312,000. Zote niliziwasilisha, na risiti nikaitupia kwenye grupu.

Kaka staa, kama unasoma hapa, zile laki tano bado nazisubiri. Namba ni ileile.