Walibishania flaiwili, wakamsahau mwenye usukani

Klachi ya gari la familia moja ya Goba, Dar es Salaam, ilikwisha Jumatatu jioni. Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki ya baba.

Baba huyo aliendesha malori kwa zaidi ya miaka 20, hadi kisukari kilipomwondolea mguu wa kulia. Tangu hapo usukani wa Corolla yao ya gia za mkono umekuwa wa mama, ambaye alijifunza kuendesha akiwa na miaka 51. Nyumba yao iko bondeni. Ili afike kwenye lami lazima apande kilima cha vumbi chenye kona moja nyembamba. Hapo asubuhi nyingi husimama katikati ya mlima kupisha gari linaloshuka, kisha huondoka upya huku bodaboda wakiwa wamemganda nyuma.

Jumanne wazazi walikwenda kliniki kwa bajaji. Kijana wao wa miaka 25 akalipeleka gari gereji.

Fundi alimweleza kwamba klachi haibadilishwi bila kushusha giaboksi, na giaboksi ikishashuka, flaiwili inabaki wazi. Anayetaka kuibadilisha afanye hivyo siku hiyohiyo, maana kurudia ni kulipa ufundi mara mbili.

Flaiwili ni lile duara zito la chuma lililofungwa kwenye krankshafti, nyuma ya injini. Pleti ya klachi hulikamata ili nguvu ya injini ifike kwenye giaboksi. Uzito wake una kazi: ukishazunguka hutunza mwendo, hivyo injini haitetemeki sana wala haizimi dereva anapoachia klachi taratibu.

Kijana alikuwa ameweka akiba kwa miezi minane, na macho yake yalikuwa kwenye flaiwili nyepesi ya aluminiamu. Jioni alimwonyesha baba yake picha kwenye simu.

"Hiyo ni ya mashindano," baba alisema. "Hapa unataka kumzimia nani gari?"

"Baba, wewe ulizoea malori. Haya ni mambo mengine."

Baba hakujibu. Aligeuza kiti chake cha magurudumu akaingia ndani. Kwa siku tatu zilizofuata kijana alitoa shikamoo akiwa mlangoni na kuondoka kabla ya kusikia marahaba.

Kwa kweli kila mmoja alikuwa na hoja. Flaiwili ikiwa nyepesi, injini hupanda na kushuka mizunguko haraka, na dereva anayependa kubadili gia upesi hulisikia gari likichangamka, hasa kwenye gia za chini. Lakini haiongezi nguvu ya injini hata kidogo. Inapunguza tu mzigo ambao injini inalazimika kuuzungusha. Gharama yake huonekana kwenye foleni: AC ikiwaka gari halitulii sailensa, giaboksi inaweza kugongagonga, na kuondoka mlimani kunadai mafuta mengi na mguu wenye mazoezi.

Ijumaa usiku, mama alitua sahani ya wali mezani kwa kishindo.

"Mnabishania chuma wiki nzima. Mimi ninayepanda hicho kilima nani ameniuliza?"

Kesho yake kijana aliazima gari la rafiki yake lililofungwa flaiwili nyepesi. Alimkabidhi mama funguo, akakaa kiti cha pembeni. Kwenye tambarare mambo yalikwenda vizuri. Walipofika kwenye kona, mama alisimama kupisha pikapu. Alipoachia klachi, gari likazima. Akawasha tena, likazima. Mara ya tatu lilirudi nyuma, bodaboda wakapiga kelele, na kijana ndiye aliyevuta handibreki.

Kukawa kimya. Kisha mama akauliza polepole, "Na kama hapo ulipokaa angekuwa baba yako?"

Handibreki angeifikia. Lakini kama gari lingezidi kuserereka, kijana angefungua mlango na kuruka. Baba asingeweza.

Siku hiyohiyo alirudi gereji. Flaiwili ya zamani ilikuwa na madoa ya bluu ya joto na nyufa ndogondogo usoni. Fundi mmoja wa jirani akamshawishi: kwa bei ndogo angeikereza, nyufa ziishe na iwe nyembamba, apate wepesi bila kununua mpya. Kijana alisita, kisha akampigia simu baba yake.

"Usimruhusu," baba alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeulizwa jambo analolijua. "Kukereza kidogo kusawazisha uso ni kawaida. Lakini hicho ni chuma cha kusubu, na kimeshapasuka. Ukikipunguza, siku injini ikipanda mizunguko kinaweza kusambaratika. Vipande vitatoboa giaboksi na sakafu, na hapo ndipo ilipo miguu ya mama yako."

Walizungumza karibu nusu saa. Baba alimtajia mambo ya kukagua kabla ya kulipa: idadi ya meno yanayoshikwa na stata, matundu ya bolti, na kipimo cha uso kilingane na pleti mpya. Akamwambia abadilishe pia beringi ya klachi na sili ya oili ya nyuma ya injini, kwa kuwa giaboksi iko chini tayari. Bolti ziwe mpya, zikazwe kwa spana yenye kipimo. Kijana aliandika yote nyuma ya risiti.

Alinunua flaiwili mpya ya chuma, yenye uzito uleule wa kiwandani.

Asubuhi ya kliniki iliyofuata alikaa kiti cha nyuma. Kwenye kona kulikuwa na lori la mchanga linashuka. Mama alisimama, akavuta handibreki, akasubiri lipite. Kisha akaachia klachi na gari likaondoka bila kushtuka. Baba alikuwa anatazama nje dirishani, anasimulia habari za bei ya sukari.

Sehemu ya akiba ya kijana bado iko kwenye simu yake. Siku hizi jioni yeye na baba yake hukaa barazani kukagua picha za magari ya bei nafuu, wakitafuta la kwake mwenyewe. Hilo, baba amesema, atalifunga flaiwili anayoitaka, mradi asiikereze.