Jamaa wa Himo Alivyopunguza Makato ya Benki, Mama Yake Akaendelea Kukatwa

Kuna kijana mmoja, mtoto wa Himo kabisa, siku hizi yupo Dar anaandika programu kwenye benki moja (jina kapuni). Lugha anayotumia inaitwa RPG. Masela wakisikia hivyo wanadhani ni gemu, wajomba zake wanadhani ni bomu. Wala si hivyo. Ni lugha ya IBM iliyoanza mwaka 1959, na mpaka leo kuna benki duniani zinatunza akaunti za watu kwa RPG, kwenye ile skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani.

Sasa benki yake ikaamua kupunguza makato ya kutoa hela. Kazi akapewa yeye. Hesabu yote ya makato ipo kwenye prosija moja, yaani kipande cha programu chenye kazi moja, wengine wanakiita wakikihitaji. Programu ya ATM inakiita, ya mawakala inakiita. Jamaa akabadilisha namba, akatengeneza moduli upya, akaiunga kwenye programu ya ATM, akajaribu, poa. Akaenda kulala.

Wiki 2 baadaye simu ikaingia kutoka Himo. Mama yake anauza mahindi pale sokoni, na hela zake anatolea kwa wakala.

"Baba, si ulisema makato yameshuka? Mbona mimi wananikata vilevile?"

"Mama, haiwezekani. Hebu soma vizuri hiyo meseji."

Mama akanyamaza. Kesho yake ikaja picha WhatsApp, kapigiwa na binti wa jirani: risiti 4 zimepangwa juu ya gunia. Zote makato ya zamani.

Jamaa akaingia kwenye mfumo, akaandika DSPPGM kuona moduli zilizomo ndani ya programu ya mawakala. Moduli ya makato ilikuwa na tarehe ya mwaka juzi. Hapo akaishiwa nguvu.

Iko hivi. Ukiunga moduli kwa CRTPGM, mashine inachukua nakala yake na kuiweka ndani ya programu. Ukija kubadilisha moduli, programu haina habari, inabaki na nakala yake mpaka uiunge upya. Ni kama fotokopi ya bei: ukibadilisha bei ukutani, ile aliyonayo mteja mfukoni inabaki vilevile. Ya ATM aliiunga upya. Ya mawakala aliisahau.

Angeweza kukausha. Amri moja tu, UPDPGM, nakala mpya inaingia, kesho yake makato yako sawa na hakuna anayeuliza. Ila hela za wiki 2, za kila aliyetolea kwa wakala, zilishaondoka. Aliyejua ni yeye peke yake, pamoja na mama mmoja sokoni aliyeambiwa hajui kusoma meseji.

Asubuhi akaenda kwa bosi akasema yote. Akapewa barua ya onyo. Hela za watu zikarudishwa.

Baada ya hapo ile prosija akaihamishia kwenye programu ya huduma. Hiyo hainakiliwi. Programu nyingine zinabaki na rejea tu, kwa hiyo ukirekebisha mara moja, wote wanapata mpya wakiwashwa tena. Ina ukorofi wake pia: ukivuruga orodha ya prosija inazotoa, saini yake inabadilika na programu za zamani zinagoma kuwaka. Yeye anasema bora programu igome kuliko ikate watu kimyakimya.

Jioni akapiga simu nyumbani.

"Mama, ulikuwa sahihi. Nisamehe."

"Mimi nimepima mahindi ya watu miaka yote hii, baba. Hela yangu ndiyo nishindwe kuihesabu?"

Ya barua ya onyo hajamwambia mpaka leo.

Haya wadau, ungekuwa wewe ungesema, au ungekausha?