Juma Moja la Masomo na Mtoto wa Askari

Mzazi apitaye karibu na darasa la kwanza huwasikia watoto wakiimba, kisha wakihesabu, kisha wakisimuliana habari, akadhani kwamba asubuhi nzima imepotea kwa michezo. Sivyo. Tangu mwaka 2007, katika shule za msingi za Uganda, madarasa matatu ya mwanzo hufundishwa kwa kufuata mada. Huchaguliwa jambo moja la maisha ya mtoto, mathalani nyumba, chakula au hali ya hewa, na masomo ya juma hulizunguka jambo hilo.

Juma la hali ya hewa laweza kupangwa hivi. Jumatatu, katika kipindi cha habari, kila mtoto hueleza alivyoiona mbingu njiani, na neno "mvua" huandikwa ubaoni likasomwa. Jumanne huhesabu kwa vijiti siku za jua na siku za mawingu. Jumatano huchora. Alhamisi huimba, na kujifunza kwa Kiingereza majina ya vitu walivyovichora. Ijumaa husimuliwa hadithi, naye mwalimu hupima nani ameshika na nani ameachwa nyuma.

Nje ya miji yenye makabila mengi, hayo yote hufanywa kwa lugha ya mahali, maana mtoto husoma upesi kile anachoweza kukisema. Kiingereza huanza kushika nafasi ya lugha ya kufundishia katika darasa la nne. Mpango huo wamfaa sana mtoto wa mkulima asiyehama. Kwa mtoto wa askari una mtihani wake.

Binti wa koplo mmoja alianza kusoma katika shule ya kijiji upande wa Gulu, kwa Kiacholi. Mvua aliiandika "kot", na jua "ceng". Katikati ya muhula baba yake akapata uhamisho kwenda upande wa Mbarara. Darasa jipya lilikuwa bado katika mada ileile, lakini ubaoni mvua ilikuwa "enjura", na jua "eizooba". Hata mvua yenyewe ilikuwa na desturi nyingine: kaskazini msimu wake ni mmoja mrefu, na magharibi misimu ni miwili. Mtoto aliyezoea kunyoosha mkono kabla ya wenzake akanyamaza. Baada ya majuma mawili mwalimu alimwambia mama kwamba huenda binti huyo akalazimika kurudia darasa.

Mama hakubisha. Jioni aliyatoa madaftari ya zamani, ambayo wakati wa kuhama aliyafunga pamoja na sufuria.

"Mwanangu, hapa uliandika nini?"

Mtoto akasoma bila kukwama, akaeleza maana kwa Kiswahili cha kambini. Kesho yake mama akayapeleka madaftari shuleni.

"Mwalimu, mtoto huyu kusoma anajua, na hesabu anajua. Lugha ndiyo hana."

Mwalimu aliyapitia ukurasa kwa ukurasa. Kisha akamketisha binti karibu na mwenzake ajuaye Kiswahili na Kinyankole. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu mama aliuliza mada ya juma, na jioni, wakipika, wakayataja mambo ya darasani kwa Kiswahili, naye mtoto akatafuta jina jipya la kila kimoja. Mwisho wa muhula hakuwa wa kwanza, lakini alisoma sentensi fupi mbele ya darasa, na habari ya kurudia haikutajwa tena.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Katika kambi za askari lugha hiyo imekuwa daraja kati ya makabila kwa miaka mingi, na mtoto anayehama ana haki ya kulivuka daraja hilo. Amri ya uhamisho haingoji mwisho wa muhula. Kwa hiyo madaftari ya watoto yasiachwe nyuma wala yasiwashiwe moto jikoni: ndiyo barua ya utambulisho ambayo mtoto humpelekea mwalimu asiyemjua.